Maharage ya Mama Velena

Kwenye kiriyo cha Dokta Silvani walimsifu mpaka nikadhani nimekosea msiba. Nilisimama karibu na geti la nyumba yake kule Kimihurura, ile yenye nyasi zinazokatwa kwa mashine, nikasikiliza mtu mmoja baada ya mwingine akishika kipaza sauti na kusema marehemu alikuwa baba wa wakulima, aliliona jua kali linakuja wakati sisi wengine tumelala. Baba wa wakulima! Mkulima mwenyewe pale alikuwa nani? Viti vya mbele vilikaliwa na suti mpya, vya katikati na suti zilizochakaa kidogo, na nyuma kabisa tulikuwa sisi, watu wa kuambiwa tusogeze viti. Mhubiri akasema Mungu alikuwa amempa marehemu macho ya kuona ndani ya mbegu. Hapo kicheko kilinitoka puani, na mama mmoja mwenye kitambaa cheusi akanigeukia, akadhani nalia, akanipa tishu. Niliipokea. Tishu ni tishu. Sikuwa nimekwenda kulia. Nilikuwa nimekwenda kuhakikisha.

Wakati wa kutoka, wasichana waliovaa fulana zenye picha yake walikuwa wanampa kila mtu kipakiti cha karatasi, ukubwa wa kiganja, kama ukumbusho. Juu ya kipakiti Silvani anacheka, chini yake limeandikwa jina la maharage mapya aliyoyaleta duniani kwa miaka yake yote ya elimu, na jina lenyewe ni Silvani. Nilikifungua palepale. Zilikuwa punje nyeusi zenye kung'aa, na juu ya jicho la kila punje mstari mweupe, kama nyusi iliyopakwa chokaa. Mimi maharage yale nilikuwa nayajua kabla hayajapewa jina la mtu.

"Dada Mariamu!" Sauti ilitoka nyuma yangu. Nikageuka, nikamwona Shabani, aliyekuwa mtunza stoo zamani zile nilipofanya kazi kwenye mradi wa Silvani. Sasa ana tai, na ana cheo kwenye mradi uleule. "Wallahi, hujabadilika hata kidogo."

"Wewe umebadilika. Umeota tumbo."

"Ni uongozi, dada."

"Ni maharage, Shabani."

Hakucheka. Alitazama kipakiti mkononi mwangu, akatazama watu, akanisogelea. "Hayo yamepita, sha. Mtu amekufa. Tumsamehe." Watu wa namna ya Shabani wanapenda sana neno hilo, na wanalipenda likitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine. Nikamwambia mimi nimekuja kwa miguu kuangalia kama kweli amekufa, basi, nimeona, narudi zangu. Nikaondoka na kipakiti changu.

Nilikotoka, nani alikufa kwetu na nani alibaki, sitaandika hapa. Waliobaki wanajua, na waliofanya wanajua zaidi. Shule iliniacha nikiwa darasa la nne, mwaka ule ambao shule ziliwaacha wengi. Niandikacho ni mwaka mwingine, wa baadaye, miaka kumi na kitu iliyopita, nikiwa bado kijana, barabarani naitwa dada na siyo mama. Ndio mwaka ulionifundisha kudharau. Kuogopa nilikuwa nimeshajua tangu utotoni, na kuchukia pia. Kudharau ni somo la watu wazima, na walimu wangu walikuwa watatu: Dokta Silvani, Madamu Kolete, na huyu Shabani mwenye tumbo. Nawataja kwa majina kwa sababu wao wenyewe wanapenda majina yao yaandikwe mahali.

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba kwa Mama Velena, Gatsata, juu kabisa kwenye mlima ambako pikipiki zinagoma na mteja anamalizia kwa miguu. Kutoka mlangoni ulikuwa unaiona Nyabugogo yote chini, magari na moshi na kelele, kama sufuria inayochemka bila mfuniko. Chumba changu kilikuwa na ukuta mmoja na chumba chake, na ukuta wenyewe ulikuwa wa udongo, kwa hiyo nilimsikia akikohoa, akisali rozari, akigombana na kuku, na harufu ya kiko chake iliingia kwangu bila hodi. Alikuwa Mkatoliki, mimi Mwislamu, na hilo lilimfurahisha mno. Mwezi wa Ramadhani alikuwa anakaa mlangoni kwangu mchana na bakuli la viazi vya moto, anauliza, "Mariamu, Mungu wako anaona mpaka huku Gatsata juu?" Nikimjibu anaona, anasema, "Basi na anione mimi nakula." Jua likizama yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipikia uji, na ukichelewa kuunywa anakutukana.

Nyuma ya nyumba alikuwa na shamba lililoning'inia kwenye mteremko, na humo alipanda maharage yanayopanda juu ya miti. Alipanda mchanganyiko, kama walivyopanda wazee wote wa nchi hii: mekundu, ya njano, ya madoa, ya rangi ya kahawa ya maziwa, yote kwenye shimo moja la jembe. Mvua ikizidi, haya yanaoza na yale yanazaa. Jua likizidi, yale yanakauka na haya yanazaa. Hukosi kitu cha kutia kwenye sufuria. Na ndani ya mchanganyiko ule kulikuwa na ile nyeusi yenye nyusi nyeupe, chache kila mavuno. Nyingine zote tulikula. Nyeusi alizichagua moja moja, akazirudisha kwenye kibuyu. "Hii iko ya mama yangu, na ya mama ya mama yangu. Ikishakuwa nyingi tutakula. Leo hapana." Kila mavuno ilikuwa leo hapana.

Mbegu ile ilipita vita imefungwa kiunoni mwake. Alinisimulia mara moja tu, akiwa anachambua, bila kuinua uso. Kambini, kule walikokimbilia, walikuwa na moto, walikuwa na sufuria, cha kutia ndani hawakuwa nacho. Wenzake walimwona na fundo kwenye kitenge, wakamwambia, Velena, chemsha hizo. Akawajibu kwamba mbegu hailiwi. Walimtukana, wakasema ni mchawi, anaweka maharage na watu wanakufa. Hakufungua fundo. "Nilikuwa na njaa kuwashinda," aliniambia, "lakini nikila, tukirudi tutapanda nini? Meno?" Akacheka, akavuta kiko, tukaendelea kuchambua. Mimi sikuuliza watoto wake walikuwa wapi wakati huo. Kwa sisi tuliobaki, kuna maswali ambayo kuyauliza ni utovu wa adabu.

Ule mwaka mvua za masika zilikuja zikatuchezea. Zilinyesha wiki mbili za nguvu, zikabeba udongo zikaupeleka Nyabugogo, halafu zikatoweka wakati maharage yako kwenye maua. Mama Velena alikuwa amepanda nusu ya mbegu yake. Jua liliila. Majani yalijikunja kama karatasi iliyosogezwa motoni, maua yakadondoka, na kwenye shamba lote kilichobaki kimesimama na kufunga maganda kilikuwa ile nyeusi. Alivuna viganja vichache, akavichanganya na ile nusu iliyobaki kibuyuni. Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu yake yote chini ya mbingu, na alikuwa anangoja mvua za Septemba.

Ndipo akaja Silvani. Alikuwa anazunguka milima inayouzunguka mji, anatafuta maharage yaliyopona. Alikuja na buti safi na kofia ya majani, akasimama katikati ya shamba lililoungua, akaishika ile mimea iliyobaki kama mtu aliyekuta pesa barabarani. Alikuwa na maneno matamu, siwezi kukataa. Aliketi kwenye kigoda, akanywa maziwa yaliyoganda aliyopewa, akamwita Mama Velena "Mama" kila baada ya maneno matatu. Alisema anahitaji kibuyu chote, ili asikose rangi hata moja, na kwamba atairudisha mbegu ikiwa imechambuliwa na kusafishwa, kabla ya mvua. "Mama, ninakuahidi. Kabla ya tone la kwanza." Mama Velena alimtazama kwa muda mrefu, akauliza wazazi wake wanatoka mlima gani. Akaambiwa. Akasema mlima ule anaujua, una watu wazuri. Kwa mtu wa umri wake hayo yalitosha kuwa mkataba. Akampa mbegu, na juu yake akamwomba anipe mimi kazi, kwa sababu nilikuwa nimekaa nyumbani tangu duka nililokuwa nauza lifungwe.

Kazi ilikuwa Niboye, kwenye nyumba ya kupanga ambayo mradi uliigeuza kuwa ofisi, maabara na mahali pa kulala wageni, vyote pamoja. Sebuleni kulikuwa bado na taa ya vioo ya mwenye nyumba, inaning'inia juu ya meza zilizojaa maharage. Bafuni, ndani ya beseni la kuogea, walipanga masanduku ya sampuli. Tulikuwa wanawake kadhaa mezani, tunatenganisha mchanganyiko wa kila mkulima kwa rangi, punje chache za kila rangi kwenye bahasha yake na namba yake, na zinazobaki zinarudi kwenye mfuko wa mkulima, unawekwa stoo. Punje nyingine zilipandwa kwenye vikopo nyuma ya nyumba. Mche ukitoa majani mawili, tunakata kipande cha jani ukubwa wa kifungo cha shati, tunakitia kwenye kisahani chenye vishimo, tunakikausha, na visahani vinapelekwa ng'ambo kwenye mashine.

Kinachofanyika huko tulielezwa siku ya kwanza, na nilikielewa vizuri, hakuna uchawi. Ndani ya kila jani kuna maandishi ya ukoo wake, yanaitwa vinasaba. Mashine inayasoma. Wenye elimu wanalinganisha maandishi ya mimea iliyokufa na jua na ya ile iliyopona, mpaka wanajua sehemu gani ya maandishi inabeba uvumilivu. Baada ya hapo hawana haja ya kungoja jua msimu baada ya msimu. Wanayaozesha maharage mawili, kama mume na mke, wanasoma jani la mtoto akiwa bado mchanga, wanasema wewe utapona, wewe hapana. Dunia inapata joto haraka, wakasema, hatuna muda wa kusubiri kama babu zetu. Wenzangu walishangaa sana. Mimi nilikuwa nimeshaona watu wakipangwa nani apone nani asipone kwa kutazamwa pua tu, kwa hiyo maharage kupangwa kwa jani hakukunishangaza. Niliona hata ni maendeleo.

Aliyetawala nyumba ile alikuwa Madamu Kolete, mkuu wa utawala, mwanamke aliyenukia tangu getini. Sisi wote alituita "watoto", hata yule mwenzetu mwenye wajukuu. Wafanyakazi tulikula kwenye baraza la nyuma, tumekaa chini, isombe na ugali, na harufu ya kisamvu kile ilikuwa inamkera mpaka akaagiza tule upande ambao upepo hauingii ndani. Wao walikula mezani. Madamu Kolete maharage hakula kamwe. Alisema yanamjaza gesi. Mradi mzima wa maharage, gari la maharage, mshahara wa maharage, na yeye anakula samaki wa kuletwa kwenye barafu.

Meza yangu ilikuwa karibu na dirisha la kupitishia chakula kutoka jikoni, na kwa dirisha lile nilisikia mengi, kwa sababu wakubwa wanaamini mtu anayechambua maharage amechambua na masikio yake akayaweka kando. Nilimsikia Silvani akimwambia mgeni mmoja, "Hawa wazee wanapanda takataka, kila kitu shimo moja. Lakini kwenye takataka yao kuna dhahabu." Mgeni akauliza kama wazee wenyewe wanajua. "Wanajua nini? Wanapanda tu," akasema Silvani, akaomba kahawa iongezwe. Mara nyingine, namba ya ile nyeusi iliporudi kutoka ng'ambo na maandishi yake, alipiga meza kwa kiganja, akapiga kelele ya furaha, akamkumbatia Madamu Kolete. Alisema hajawahi kuona uvumilivu wa namna ile kwenye maharage. Mimi nilikuwa nimeshauona, ulikuwa umefungwa kiunoni.

Siku za kazi nililala hukohuko Niboye, na kila Jumamosi jioni nikirudi Gatsata, Mama Velena ananiuliza kabla sijavua viatu. "Wamemaliza kusoma?"

"Bado, Mama."

"Mbegu yenyewe iko ndogo hivi. Wanasoma polepole hivyo, na shule yote ile?"

Agosti ilipofika katikati, alianza kutazama mawingu kila asubuhi, na alikuwa ameshalima shamba, udongo umegeuzwa, miti ya kupandishia imesimama mitupu kama watu wanaongoja gari. Nikamfuata Silvani uani. "Dokta, Mama anauliza mbegu yake." Akanishika bega. "Mwambie Mama atulie. Kabla ya mvua, nilisema." Nikamwendea Madamu Kolete. "Mfuko mmoja wa maharage," akasema, "na mnanisumbua kama mfuko wa almasi." Nikamwendea Shabani stoo, akanionyesha mfuko wenyewe, uko juu ya rafu, namba imeandikwa kwa kalamu nene. "Si huo hapo? Ntakibazo, hakuna shida, dada. Mimi mwenyewe nitauleta mpaka Gatsata kwa kichwa." Nawaambia, aliapa kwa Mungu. Nilirudi nikamwambia Mama Velena kwamba mfuko nimeuona kwa macho yangu, na usiku ule alisali rozari kwa sauti ya juu kuliko kawaida.

Mwisho wa Agosti ikawa siku ya wageni. Walikuwa wanakuja wafadhili, watu wa ofisi kubwa, na wazungu wenye kofia, kuonyeshwa jinsi mbegu za wazee zinavyookolewa zisipotee. Mama Velena alialikwa kama mkulima wa mfano. Asubuhi ile Madamu Kolete alinipa gari na dereva, akanituma nikamchukue. Nilimkuta ameshavaa mushanana yake ya harusi na misa kubwa, nyeupe, imefungwa begani, na mkononi ana kikapu kizuri chenye mfuniko, mtupu.

"Hicho cha nini, Mama?"

"Cha kurudishia mbegu. Nitaibeba kwenye mfuko wao, kama unga?"

Alikuwa amejua mwenyewe kwamba ile ndiyo siku ya kurudishiwa. Kwani mtu anakualika, anakuletea gari, kwa sababu gani nyingine? Njia nzima aliweka kikapu magotini, na dereva alipopiga kona kali alimwambia, "Mwanangu, polepole, iko na mizigo." Kikapu kilikuwa kitupu.

Walimweka meza ya mbele, karibu na mzungu mmoja mzee. Silvani alisimama, akasema mama huyu ametunza hazina ya taifa, watu wakapiga makofi, wapiga picha wakampiga picha na kikapu chake. Halafu chakula kikaja. Wali, nyama, ndizi, na bakuli kubwa za maharage. Mama Velena alipakuliwa sahani, akachukua kijiko, kijiko kikasimama hewani. Rangi nyingine zote zilikuwa zimefifia kwa moto, zimekuwa kahawia moja. Nyeusi hazikuwa zimefifia. Zilikuwa zimelala kwenye mchuzi na nyusi zao nyeupe, zinamtazama.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Alichukua moja, akaiweka kwenye kiganja, akanionyesha juu ya bega. "Mariamu. Hii wameitoa wapi?"

Nilimtafuta Shabani kwa macho. Alikuwa anabeba kreti la soda, na alipoona namtazama aliliinua mpaka likamziba uso. Nikaenda kwenye dirisha la jikoni, Madamu Kolete alikuwepo anasimamia sahani. Nikamwambia ile ni mbegu ya Mama Velena.

"Ilikuwa imekaa tu stoo," akasema. "Nimesema wapike ya kienyeji, wageni wanapenda. Shabani ndiye aliyeileta. Kwani imeoza?"

Nikarudi na Silvani alikuwa ameshafika mezani, ameinama karibu na Mama Velena, sauti ya chini, tabasamu halijamtoka kwa ajili ya wageni. Alimwambia maneno ambayo nayaweka hapa kama alivyoyasema, maana kwenye kiriyo chake hakuna aliyeyataja. "Mama, usiwe na wasiwasi. Tumeshaisoma yote. Iko kwenye kompyuta. Sasa haiwezi kupotea tena, hata nyumba ikiungua."

Mama Velena akamwuliza, "Na nitapanda nini?"

Mzungu mzee akauliza mama anasema nini. Silvani akamtafsiria kwamba mama anasema chakula ni kizuri. Mzungu akatikisa kichwa kwa furaha, akainua uma wake kama anamsalimia.

Nilidhani atapiga kelele. Niliomba apige kelele, ningemsaidia, ningepindua meza. Yeye aliitazama ile punje kwenye kiganja chake kwa kitambo, mwanamke aliyekataa kuila na kambi nzima ikimtukana, akaitia mdomoni, akatafuna.

"Kumbe ni tamu," akasema.

Akala sahani yote, taratibu, akaisafisha. Akajipangusa midomo, akachukua kikapu chake kitupu, akaniambia twende. Hatukungoja gari. Tulishuka mpaka barabarani kwa miguu, yeye kwenye mushanana nyeupe, na vumbi la Agosti likimpanda mpaka magotini.

Nilirudi Jumatatu nikaomba kiganja kimoja tu cha ile nyeusi. Kulikuwa na punje zilizobaki kwenye bahasha, ndani ya friji ya sampuli, nilizihesabia mimi mwenyewe rangi zake. Silvani akasema hizo sasa ni mali ya utafiti, zina utaratibu, haziwezi kutoka kiholela. "Mwambie asubiri. Atapata mtoto wa mbegu hiyo, aliye bora zaidi." Nikamwambia mbele ya watu kwamba kwao mbegu kutoka stoo kwenda kwenye sufuria haihitaji utaratibu, ila kwenda shambani kwa mwenyewe ndiyo inahitaji. Madamu Kolete akasema nina mdomo mrefu, akaniambia nivue koti lao jeupe. Nililivua, nikaliacha kwenye beseni la kuogea, pamoja na ukoo wa maharage wa nchi nzima.

Mvua ya Septemba ilikuja kwa wakati wake, ya upole, mvua nzuri ambayo watu waliisubiri. Mama Velena alikaa mlangoni akaitazama ikinyesha kwenye shamba lililolimwa. Baadaye alinunua maharage sokoni Nyabugogo, ya rangi moja, akayapanda ili udongo usikae bure. Yalitoa majani mengi ya kujivuna, jua likaja kwenye maua, yakajikunja yote, hakuna hata moja lililosimama. Aling'oa miti ya kupandishia, akaifanya kuni. Sikumsikia tena akiuliza kuhusu mvua.

Hayo ndiyo nilikuwa nayo kichwani nilipopanda Gatsata siku ya kiriyo, kipakiti kikiwa ndani ya sidiria. Niseme ukweli mmoja, kwa sababu sitaki kufanana nao: maharage yale mapya yanavumilia jua. Nimeyaona mashambani msimu uliounguza kila kitu, yamesimama, watu wanayala na wanayauza. Elimu ile haikuwa uongo. Waongo walikuwa watu. Wangeweza kuisoma mbegu na kuirudisha, ilikuwa inawezekana yote mawili, ilihitaji Shabani apande mlima na mfuko kichwani kama alivyoapa. Ni hilo tu. Hakuna mashine ya ng'ambo inayohitajika kwa hilo.

Mama Velena siku hizi macho yamemwisha karibu yote, lakini kiko bado. Nilimwekea punje kiganjani, pamoja na kipakiti chake. Alizigeuza kwa kidole gumba, moja moja, muda mrefu.

"Ngozi ni yake," akasema. "Lakini amenenepa. Wamemwoza kwa nani?"

"Kwa ya ng'ambo, Mama. Inayozaa sana."

"Na kwenye jua?"

"Inasimama."

Akauliza karatasi inayolia kidoleni mwake ni ya nini, nikamwambia kuna picha, ni Silvani, na maharage yamepewa jina lake, na yeye mwenyewe wamemzika. "Nimesikia kwenye redio," akasema. "Walisema alipenda wakulima." Akavuta kiko. "Weka sufuria."

"Mama, hii ni mbegu. Mvua iko karibu. Nitakulimia mimi."

"Mbegu iko wapi? Mbegu nilikula Niboye, nimevaa mushanana. Hii ni maharage. Weka sufuria, Mariamu, nina njaa."

Niliwasha jiko. Makaa yalikuwa na unyevu, hayakutaka kushika, nikachukua kipakiti na picha yake nikakisokota, kikashika mara moja. Tulikaa pale tukisikiliza Nyabugogo inavyonguruma chini mpaka maharage yakaiva, sahani mbili ndogo, hakikubaki cha kupanda hata punje. Alitafuna ya kwanza taratibu, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama mtu anayemsikiliza mgeni mlangoni.

"Ile ilikuwa tamu zaidi," akasema, akaomba chumvi.